Niliosha Baiskeli ya Theluji Kwenye Maji ya Kunywa

Walisema sitaweza. Nilipoenda Kanada na diploma yangu ya umekanika, majirani wa kijijini kwetu Kathonzweni walicheka kwamba baridi itanirudisha mbio. Haikunirudisha. Kila majira ya baridi nilipanda baiskeli ya tairi nene, nikapita juu ya theluji msituni ambapo wenyeji wenyewe walianguka. Nilirudi nayo nyumbani, mali ya jasho langu. Nilichofanya nayo kinanichefua mpaka leo.

Huku hakuna theluji, lakini mto wetu ukikauka ni mchanga mtupu. Nikapunguza upepo kwenye tairi, nikateleza juu yake bila kuzama. Watu walisimama ukingoni kunitazama. Kichwa kikavimba.

Kule Kanada barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, nayo hula mnyororo. Kwa hiyo nilizoea kuosha baiskeli kila nikishuka. Jioni ile niliona kisima kimechimbwa mchangani, kimezungushiwa miiba. Nikaitupa miiba kando, nikasugua mnyororo kwa mafuta ya taa, nikausuuza mle mle. Nilijua watu hunywa pale. Nikajiambia mchanga utachuja. Mtu mzima, na diploma!

Asubuhi mama alinipa chai. Funda la kwanza, mafuta ya taa. Nikatema. Yeye alikuwa amemaliza kikombe chake.

"Mwaitu, mama yangu, hukusikia ladha?"

"Nilisikia. Nikimwaga, nitapika na nini?"

Nilikimbia mtoni. Akina mama walikuwa wamezunguka kisima, utando wa mafuta ukielea juu. Jirani yetu Mama Mutua alishika ile miiba.

"Hata punda akiona hii anajua ni maji ya watu," alisema, akitazama alama za tairi zilizoelekea kwetu. "Lakini huyu punda ana kwato pana."

Walicheka.

Kisima kilifukiwa. Nikachimba kingine mbali, na mpaka kilipotoa maji, mama aliishi kwa mitungi ya maji aliyokopeshwa na majirani wenye akiba.

Wewe uliyerudi na mazoea ya ughaibuni, uliza kwanza miiba iliwekwa kwa nini.

Nililipa maji nyumba kwa nyumba, mitungi imefungwa kwenye ile baiskeli. Wa mwisho alikuwa Mama Mutua. Alifungua kifuniko, akanusa, akanusa tena.

"Onja wewe kwanza."

Nikanywa mbele yake. Ndipo akaupokea mtungi.

"Haya. Sasa mama yako hana deni."