Siku Nilipomwangusha Sione

Mkiniona napita Rissne nimeinamisha kichwa kama mtu aliyepoteza funguo, msihangaike kunisaidia kutafuta, ni aibu tu, maana pale nyuma ya magorofa kuna uwanja wa majani ambapo nilimwangusha mtu niliyempenda kuliko wote katika jiji hili la Stockholm, nikamwangusha mbele ya binti yake na mbele ya mama yake mzazi, siku ambayo watu wote walikuwa wamekubaliana kwamba asiangushwe.

Mtu huyo ni Sione. Tulifanya kazi pamoja miaka minne ya kuhamisha vitu vya watu, makabati, mafriji, piano (piano, jamani, ghorofa ya nne na lifti mbovu!), yeye akishika upande wa chini kwenye ngazi kwa sababu uzito wote unakuja chini, mimi juu nikijifanya naelekeza. Wazazi wake ni Watonga, wa visiwa vya Tonga kule Pasifiki, waliohamia Auckland, New Zealand, huko ndiko alikozaliwa, na raga ndiyo iliyomzungusha dunia: Australia kwanza, halafu kaskazini ya Uingereza kwenye matope na baridi, halafu kusini mwa Ufaransa, ambako alipata mke Mswidi na Kifaransa chenye lafudhi ya wakulima wa zabibu. Kifaransa hicho ndicho kilichotukutanisha. Mimi ni wa Uvira, Kongo, namwita Grand kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa, na yeye ananiita mdogo wangu.

Raga yake ni ile ya watu kumi na tatu, na yeye alikuwa wa mbele, wale wanaopewa mpira wauingize katikati ya ukuta wa wanaume, wanaangushwa, wanainuka, wanarudi tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku moja tukiwa kwenye gari tunakula mkate alinieleza: "Mdogo wangu, kazi yangu ilikuwa kugonga mlango. Wengine ndio walioingia ndani." Kuingia ndani ni kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, na yeye katika miaka yote ya kulipwa alifanya hivyo mara za kuhesabu kwa vidole. Kisha goti likavunjika, mechi ikaisha kwake akiwa juu ya machela, na hakuna aliyewahi kumfanyia hata mechi ya kuagwa.

Basi siku hiyo hiyo akaniuliza, "Kwani wewe ulicheza nini kwenu?"

Ningesema ukweli, kwamba nilikuwa naimba kwaya, leo nisingekuwa na kisa. Lakini mtu amekusimulia mifupa yake iliyovunjika, utamjibu kwaya? Nikasema, "Raga kidogo. Pale Uvira." Naapa sijawahi kuona mpira wa raga Uvira. Macho yake yakawaka kama ya mtoto, akanipiga begani mkate ukanitoka mkononi, na tangu hapo nikawa mwanaraga.

Miezi ikapita nikidhani amesahau, kumbe ile klabu ndogo aliyokuwa anaifundisha Rissne jioni, watu wa mataifa yote, waliamua kumfanyia ile mechi ya kuagwa aliyoikosa, naye akawaambia jambo moja: lazima mdogo wake acheze upande wake. Nikamwambia mke wangu Nsimire. Akaacha kukatakata vitunguu, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kitambi.

"Mwambie ukweli," alisema.

"Nitamwambia."

"Leo."

"Kesho," nikasema, na kesho nikaenda Skärholmen kununua viatu vyenye meno chini.

Jumamosi ile ya Septemba jua lilikuwa zuri, watu wamekuja na thermosi zao na mablanketi, na Mele, binti wa Sione mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameshika simu juu ili bibi yake aliyeko Auckland, ambako ilikuwa tayari jioni, aone kila kitu moja kwa moja. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo napambana na bukta iliyonibana, na hapo nikafanya kosa la pili: nikavua miwani. (Nani amewahi kuona mtu wa raga na miwani? Nikaificha ndani ya soksi ya akiba.) Nilipotoka, timu zote mbili zilikuwa zimesimama duara, nahodha wa wapinzani anasema kitu kwa Kiswidi cha haraka, watu wanacheka wanatikisa vichwa kukubali, na mimi nimefika mwishoni kabisa, nikatikisa kichwa pia.

Nilichokikubali bila kukijua ni hiki: dakika za mwisho Sione angepewa mpira, wapinzani wangepiga kelele nyingi za kumzuia, halafu kila mmoja angejiangusha pembeni, ili mzee aingie ndani akaweke mpira chini mama yake akimwona.

Mechi ikaanza. Sitawachosha na mambo yangu, nilikimbia kuelekea kila palipokuwa na mpira na kila mara nilikuta umeshaondoka, na karibu na mwisho nilikuwa mbele kabisa, karibu na mstari wa wapinzani, mahali ambapo kwa sheria sikupaswa kuwepo, mikono magotini, natafuta pumzi, naona ukungu wa rangi rangi tu, mstari ule ni wa nani sikujua tena. Ndipo nikasikia kelele, "Stoppa honom! Stoppa honom!" Mzuieni! Nikainua kichwa, nikaona kitu kikubwa cheusi kinakuja na watu wanaanguka kushoto na kulia kama majani yanayofyekwa. Moyoni nikasema Bwana Yesu, mpinzani huyu amewashinda wetu wote, nimebaki mimi peke yangu, leo Grand atajua kama mimi ni mwanaraga au la.

Nikafumba macho nikajitupa kwenye miguu.

Kwanza nikasikia mlio kama wa kabati likianguka ngazini. Halafu sauti ya Mele, "Men vad gör du?!" yaani wewe unafanya nini, na nilipofumbua macho nilikuwa nimekumbatia goti lenye kovu refu ninalolifahamu vizuri sana, maana nimeliona kwenye ngazi za jiji zima. Mpira ulikuwa umelala peke yake hatua mbili kabla ya mstari. Mwamuzi akapuliza, mechi imekwisha.

"Grand," nilisema. "Grand, nisamehe. Sijawahi kucheza raga. Nilikuwa kwaya."

Alikuwa amelala chali anaangalia mbingu. Tumbo likaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda polepole. "Mimi walikuwa wananiangusha watatu, wanne," alisema akihema. "Leo mwanakwaya mmoja!" Akaegemea bega langu, akainuka, akaujaribu mguu, ukakubali.

Mele akaja mbio na ile simu. Mama mzee alikuwa analia kwa sauti, anasema maneno ya Kitonga yanayomwagika, nikatamani ardhi inimeze, nikaanza kumwomba msamaha kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa kila nilichonacho. Sione akanishika mkono.

"Hakulaumu," alisema, na sasa yeye mwenyewe sauti ilikuwa imebadilika. "Ile mechi ya goti aliiangalia. Aliniona naanguka, picha ikahamia kwingine. Anasema hajawahi kuniona nikiinuka. Anasema leo ameona."

Akamgeukia tena mama yake, akamwonyesha mguu, akapiga hatua chache huku na huku pale kwenye majani, jitu zima la miaka arobaini na kitu, kama anayepima viatu dukani, na watu wote wakasimama wakimtazama.

Majira ya kuchipua yaliyofuata alirudi Auckland kumtunza mama, na mimi nilibeba sanduku lake la mwisho mpaka uwanja wa ndege, mimi upande wa chini. Ninamkumbuka hasa saa ya mkate. Na kudanganya niliacha. Juzi kanisani Fittja mchungaji aliniuliza mbele ya watu wote kama ninaweza kupiga kinanda, mpigaji wao amehama, na nikaona Nsimire ananitazama kutoka upande wa akina mama. Nikasema hapana, Mchungaji, mimi sijui hata kinawashwa wapi.