Bibi Mafuta na Kompyuta ya Mumewe

Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Kiwandani, alikofanya kazi miaka ishirini na sita, walimwita Bibi Mafuta, kwa kuwa hakuonekana bila kopo lake la mafuta ya cherehani, lile lenye mdomo mrefu kama wa korongo. Washonaji walikuwa mia mbili, mafundi wa mitambo watatu, na kati ya hao watatu mwanamke alikuwa yeye peke yake. Msimamizi alipenda kutania kwamba cherehani mbovu ikimwona Bibi Mafuta anakuja, inapona yenyewe kwa aibu. Yeye hakuamini miujiza. Aliamini usafi wa kila wiki.

"Mashine haifi ghafla," alikuwa akiwaambia wasichana wapya. "Inakuaga mwezi mzima. Basi tu, hukuwa unaisikiliza."

Alipostaafu, imani hiyo aliihamishia nyumbani, kwenye kompyuta ya mumewe.

Mumewe alikuwa haoni tangu akiwa na miaka minne, surua ilipompitia. Hilo halikumzuia kuwa mpokea simu wa ofisi moja kubwa, akiunganisha vyumba mia na arobaini kwa kupapasa vitufe, na kumtambua mtu kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema halo. Kusoma alisoma kwa nukta nundu, akizipapasa kwa vidole, mpaka kisukari kilipomjia uzeeni kikamtia ganzi ncha za vidole, nukta zikawa kwake kama mchanga uliomwagika. Hapo ndipo binti yao, anayefanya kazi nchi ya mbali, alipowaletea kompyuta ya mezani yenye programu ya kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Mzee aliizoesha sauti ile kwenda kasi, kasi, mpaka wageni wakadhani kuku wanagombana chumbani. Yeye alikuwa anaelewa kila neno. Kila asubuhi alimaliza magazeti matatu kabla chai haijapoa, halafu anamsimulia mkewe habari za dunia huku mkewe akipinda mapindo ya nguo za majirani.

Miaka kumi na moja ilipita. Kompyuta zilizonunuliwa mwaka ule zilikuwa zimeshaenda kwa wauza vyuma chakavu, lakini ya Bibi Mafuta ilikuwa bado inakimbia. Kununua nyingine kusingesaidia. Waliotengeneza ile programu walikuwa wamefunga kazi zamani, haikubali kuwekwa kwenye mashine mpya, na mzee sauti nyingine hakuitaka. "Huyu tumezoeana," alikuwa anasema. "Hao wengine wanasoma kama wanaomba radhi."

Kwa hiyo kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Bibi Mafuta alichomoa waya ukutani, akafungua ubavu wa kompyuta, akasugua mapanga ya feni kwa brashi laini ya kupakia rangi, na kupuliza vumbi kwa pampu ya mkono. Kwa mdomo hapulizi, mate ni maji. Kila baada ya miezi sita alifuta ile grisi ya kupoozea prosesa, ubongo wa mashine, na kupaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Akishaiwasha, aliondoa mafaili ya takataka, akazima programu zilizojizoesha kuamka zenyewe mashine inapowaka, akahakikisha moja ya tano ya diski iko wazi, kisha akanakili maandishi ya mzee kwenye flashi. Vyote alijifunza kwa kuuliza na kuharibu. Na vyote aliviandika kwenye daftari, pamoja na muda ambao kompyuta ilichukua kuamka, aliopima kwa saa ya ukutani.

Ndiyo maana asubuhi ile mzee aliposema alichosema, maneno yalimchoma.

"Mke wangu, mashine yako imeanza kula maneno."

Alikuwa ameshika kikombe cha chai, uso ameuelekeza kwenye spika.

"Kula vipi?"

"Inameza. Mwisho wa neno unapotea. Hapa imesema waziri amefungua shule, au amefunga shule, hata sijui."

Ilikuwa Jumatano. Bibi Mafuta hakungoja Jumamosi. Aliifungua kompyuta palepale, akaisafisha mpaka pembe za ndani kabisa, kwa kijiti cha sikio na spiriti. Akabadilisha spika. Mzee akajaribu, akatikisa kichwa. Juma lililofuata akaiongezea kompyuta kumbukumbu. Mzee akasema labda afadhali, kisha kesho yake akasema hapana. Akabadilisha diski, akahamishia kila kitu kwenye ile ya kisasa isiyozunguka, na sasa kompyuta ikawa inaamka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Sekunde kumi na tisa! Kwenye daftari aliipigia mstari mara mbili.

"Imekuwa nyepesi," alimwambia mumewe, akijitahidi asionekane anajisifu.

"Nyepesi, ndiyo. Lakini bado inameza. Hebu nipunguzie kasi kidogo."

Akampunguzia. Baada ya wiki mbili akaombwa apunguze tena. Ilipofika miezi mitatu, sauti ilikuwa inasoma kwa mwendo wa mtu anayetafuta miwani. Gazeti moja likamchukua mzee asubuhi nzima, na habari alizomsimulia mkewe zilianza kuwa za ajabu ajabu, meli ikawa meno, mvua ikawa mbuga. Bibi Mafuta alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Alilala na kuamka akiwa na ile aibu ya fundi aliyeshindwa na mashine mbele ya mwenye mashine.

Mwishowe akakubali jambo ambalo hakuwahi kulikubali maishani. Alimwita fundi mwingine.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamume mnene mwenye duka karibu na stendi, mtu wa maneno mengi na mikono safi. Alikaa kitini kwa mzee, akafungua hiki, akapima kile, akasikiliza sauti ikisoma kwa kasi ya zamani, ya kuku. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, mgongo kwa dirisha.

"Mama," fundi alisema baada ya nusu saa, "mashine hii ina umri wa kuitwa bibi, lakini haina hata kikohozi. Dukani kwangu hakuna inayoifikia. Nani anaihudumia?"

"Mimi."

"Basi ungenifundisha wewe. Sauti hii haijameza kitu. Kila neno liko wazi." Kisha, akiwa anafunga mkoba wake, akageukia kochi. "Shikamoo, mzee."

Mzee hakujibu. Uso wake ulikuwa mtulivu, umeelekea pale kompyuta ilipo, kama mtu anayesubiri waamue.

"Shikamoo, mzee!" fundi alirudia, akidhani anasinzia.

"Marahaba, marahaba, mwanangu! Ulikuwa kimya sana, nikajua umeshaondoka."

Fundi alimtazama Bibi Mafuta. Bibi Mafuta alitazama brashi iliyokuwa mkononi mwake. Fundi alikataa malipo, akaaga, akafunga mlango polepole mno, kama anayetoka chumba cha mgonjwa.

Bibi Mafuta akaenda kukaa kando ya mumewe, upande wa kulia, akamsogelea sikio.

"Mzee wangu, kompyuta ni nzima."

"Najua," mumewe alisema.

"Unajua tangu lini?"

"Kabla hujabadilisha spika." Alitafuta mkono wake, akaupata. "Mimi nimeishi kwa masikio, mke wangu. Laini ikianza kufa, naijua. Nilisema mashine kwa sababu mashine unaiweza."

Bibi Mafuta alitaka kumkasirikia. Miezi mitatu ya spiriti na bisibisi, na mtu amekaa anajua! Lakini akabaki ameushika ule mkono.

Walikwenda hospitali. Daktari wa masikio, mama mmoja wa makamo aliyezungumza akiwa amemwinamia mzee, alimtoa nta iliyoganda kwenye masikio yote mawili. Bibi Mafuta alipoiona ile nta, roho yake iliruka. Uchafu! Uchafu anaujua! Lakini mzee aliposimama na kuambiwa asikilize, alisema sauti ni kubwa zaidi, ila maneno ni yaleyale.

"Tatizo liko ndani zaidi," daktari alieleza. "Mshipa wa fahamu umechoka. Umri, na kisukari nacho. Tutampa kifaa, kitakuza sauti. Kuzisafisha sauti hakitaweza."

"Na cha kufanya nyumbani? Cha kila wiki?"

Daktari alimtazama kwa huruma. "Sukari msiiache ipande. Na mzungumzieni karibu, taratibu."

"Basi?"

"Basi, mama."

Bibi Mafuta alikuwa amekuja na daftari jipya kwenye mkoba. Hakulitoa.

Kifaa kilimsaidia mzee kusikia mlango ukigongwa na sufuria ikianguka. Kusikia maneno kulikuwa bahati nasibu. Binti yao alipopiga simu, mzee aliishika kwa mikono miwili na kujibu ndiyo, ndiyo mwanangu, ndiyo, kwa adabu ileile ya ofisini. Binti alimuuliza kama amekula, akasema ndiyo. Akamuuliza kama anaumwa, akasema ndiyo. Akamuuliza anaumwa nini, akasema ndiyo, ahsante, na wewe pia. Bibi Mafuta alisimama pembeni akisikia vyote, maana simu ilikuwa kwenye spika, mkono umenyooka nusu kuipokea simu, asijue kama kuichukua ni kumsaidia au kumvua nguo. Mwisho mzee mwenyewe akampa, akaenda kukaa.

Siku hizi asubuhi anayesoma magazeti ni Bibi Mafuta. Anavuta kiti mpaka goti lake linagusana na la mumewe, anaelekeza mdomo kwenye sikio la kulia ambalo ni afadhali kuliko jingine, na anasoma kwenye skrini kwa kufuata mstari na kidole, kwani shule hakwenda nayo mbali. Juma lililopita alimsomea habari ya bomba kuu la maji litakalofungwa kwa siku tano.

"Litafanyaje?" mzee aliuliza.

"Litafungwa."

"Nani amefungwa?"

"Bomba, mzee wangu. La maji."

Akarudia mara ya tatu, taratibu, neno moja moja, kama anavuta uzi uliokwama. Mzee akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Aa, vizuri sana," akasema. "Hiyo ni habari njema."

Bibi Mafuta alimtazama kitambo. Kisha akashusha kidole mstari wa chini, akaendelea kusoma.