Shangazi kaingilia usaili wangu

Leo profesa wa Ujerumani kanisaili, shangazi yangu kajibu.

Nilikuwa sebuleni kwetu Ngamiani, kwenye simu ya video. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili huko kwao. Nataka kuandika kuhusu foleni za sukari miaka ya themanini.

Nikaeleza kwamba watu walisimama tangu alfajiri.

"Mwongo huyo!" Shangazi akadakia kutoka jikoni. "Nani alisimama? Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye foleni, akarudi kulala."

Miaka ishirini ya uandishi wa habari, nasahihishwa hadharani!

Profesa, ambaye Kiswahili anakijua, akacheka. "Shikamoo, mama. Na jiwe likisogezwa?"

"Marahaba. Hapo ngumi, mwanangu!"

Nafasi nimepata, jamani! Sharti: nianze kwa kumhoji Shangazi.

Shangazi kanuna. "Nijibu mimi, usafiri wewe?"

Nimjibuje?