Tembe Juu ya Madhabahu

Baba alirudi kutoka ng'ambo miaka ya tisini ikiyoyoma, amekonda lakini ana maringo. Kule madaktari walimzibua mshipa wa moyo, kisha wakaupiga mionzi kutoka ndani ili usizibe tena. Wapangaji wetu wote pale mtaani Kabiro walisimuliwa habari hiyo, wengine mara mbili.

Sehemu ya pili hakupenda kuisimulia. Mshipa uliopigwa mionzi hukawia kupona, na damu inaweza kuganda ndani yake ghafla, mtu akafa. Kwa hivyo aliambiwa asiache tembe zake za kuzuia damu kuganda mpaka daktari aseme. Mama alilisikia onyo hilo likamkaa.

Kanisani kwetu, aliyeponywa alitoa ushuhuda, kisha akaacha dawa zake madhabahuni. Hakuna aliyelazimishwa, lakini nani alitaka kuonekana ana imani nusu? Jumapili ya shukrani Baba alishuhudia, akalia, akapigiwa makofi, akaweka pakiti yake mbele ya mchungaji.

Mama alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele. Wimbo haujaisha, akateremka na joho lake, akaichukua ile pakiti, akatoa tembe moja, akampa Baba pamoja na glasi ya maji ya mchungaji mwenyewe.

"Mama, hiyo si ni kukosa imani?" mchungaji akauliza polepole.

"Pasta, Mungu amemponya, hiyo sikatai. Lakini hii mshipa bado ni mbichi. Mzee, meza."

Mzee akameza. Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. Mama akarudi kwenye safu yake na kuudaka wimbo pale pale ulipofika. Nilimvulia kofia siku hiyo, na sijaivaa tena.

Baada ya miezi kadhaa kifua kikambana tena. Mshipa ulikuwa umesinyaa kandokando ya pale ulipopigwa mionzi, ila damu haikuwa imeganda. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuruka dawa.

"Niruke, na vile naishi na huyu?" Baba akajibu, akimwonyesha Mama.

Wakamzibua tena, akapona, ikawa shukrani tena. Mchungaji alingoja, nasi sote tukatazama mifuko ya koti la Baba. Akatoa mikono mitupu, akaielekeza kwenye kwaya.

"Dawa ziko kwa yule," akasema. "Hata mimi niko kwa yule."