Bati Juu ya Banda la Kuku

Kandida alirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, akamkuta mumewe Valeriani ameezua nyasi za banda la kuku na kuliezeka bati. Majirani walisimama wakisifu.

"Mama Rosa, kuku wetu sasa wanalala kizungu!" Valeriani alijigamba.

Kandida alitua mtungi, akachungulia. Jua la Ifakara lilikuwa utosini. Ndani ya banda jogoo alihema mdomo wazi, na tetea aliyekuwa akiatamia alikwisha kuyaacha mayai yake kumi na moja. Zilibaki siku tatu tu yaanguliwe! Tangu aanze kuatamia, Kandida alimlowanishia mchanga na kumtandazia majani ya mgomba, leo mtu anaharibu kwa kutafuta sifa.

"Baba Rosa, ingia wewe humo."

"Mimi?"

"Ingia, uatamie!"

Majirani wakaangua kicheko. Valeriani aliinama, akaingiza kichwa na mabega, akachomoka akitiririka jasho. Akaanza kuling'oa bati.

"Nawe kaliezeke juu ya kitanda chako!" Kandida alimfokea.

Nyasi ziliporudi, tetea naye alirudi. Kandida hakumsemesha mumewe mpaka kifaranga wa kwanza alipolia.