Rangi Tuliyoisingizia Zafarani

Kutoka Tunduma mpaka kwetu Pemba ni siku tatu, ukibahatika kuunganisha vizuri. Nilikuwa nikipakua mahindi kwenye ghala la mpakani aliponipigia simu mke wa kaka yangu. Alisema kaka anaumwa mgongo lakini ameshaanza dawa, nisiwe na wasiwasi. "Lakini njoo, shemegi," akasema.

Basi mpaka Dar es Salaam, meli mpaka Unguja, meli nyingine mpaka Mkoani. Miaka kumi na moja sijarudi. Nimekaa Mombasa, Mtwara, Kigoma, na kila mji nimewasimulia wenyeji habari za Pemba mpaka wakanichoka. Gari lilipotoka Mkoani nikasikia harufu ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara, na nilitamani gari liende polepole na pia likimbie.

Kaka alikuwa amekaa barazani. Shati lilimning'inia kama limetundikwa msumarini, na weupe wa macho yake umekuwa manjano.

"Macho yako yana nini?" nikamuuliza.

Akacheka. "Zafarani hiyo, yakhe. Inatoka."

Alikuwa akinywa kombe kwa wiki kadhaa. Maalim wetu huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akayanywa. Kaka alipewa kwa ajili ya maumivu yaliyoanzia tumboni na kupenya mgongoni. Kila mtu aliyahesabu kuwa ya kukwea mikarafuu. Kukonda kwake tulikusingizia mwezi wa Ramadhani uliokwisha karibuni. Mkojo wake ulipokuwa mweusi kama chai ya rangi, watu wakasema maradhi yanatoka. Hakuna aliyedanganya. Rangi ya zafarani tumeiona sahanini kwa macho yetu, nani angekwenda kuitafuta kwengine?

Na mie nilikubali. Siku nne nzima.

Siku ya tano nilimsaidia chooni, nikaona choo chake cheupe kama chokaa. Ngozi ilimwasha akajikuna mpaka damu. Nikamwambia tunakwenda hospitali. Hakubisha, na kaka yangu alikuwa mtu wa kubisha.

Daktari, binti wa umri wa kuweza kuwa mwanangu, alimtazama macho kabla hajaketi. Akauliza kuhusu mkojo, choo, kuwashwa, na kama ana sukari. Shemegi akasema ndiyo, aligunduliwa miezi michache nyuma, ilhali ukoo wetu hauna sukari. Tukavushwa bahari kwenda kupigwa picha. Jibu lilikuwa saratani ya kongosho, na imeshasambaa.

"Tungemwahi?" nikauliza.

"Hata wanaowahi, wengi hawaponi," daktari wa huko akasema. "Lakini anayewahi huenda akapasuliwa. Yeye sasa hawezi."

Tulimrudisha nyumbani. Siku moja mchana, nikimpepea, akanishika mkono. "Usigombane na Maalim," akasema. "Ila asiambiwe mtu mwengine kuwa ni zafarani."

Tulimzika wiki ile ile.

Mimi ambaye sijawahi kukaa mahali misimu miwili, nikakaa. Nilikwenda kwa Maalim kwenye baraza yake, watu wakiwapo. Hilo lilikuwa kosa langu.

"Umekuja kunambia nimemuua nduguyo?" akaniuliza.

"La, Maalim. Nakuomba swali moja tu. Kabla hujachovya kalamu, muulize mtu rangi ya mkojo wake."

"Mie niwaulize wake za watu habari za mkojo?"

Baraza zima likacheka. "Huyu kasafiri mno," mmoja akasema, "akili kaisahau kwenye meli."

Nikawaacha. Shemegi akanichukua majamvini, wanawake wanakochambua karafuu, na akazungumza mwenyewe, vidole vikiendelea na kazi. Aliwatajia macho, mkojo, choo, kuwashwa, kukonda bila sababu, sukari ya ghafla. Walimsikiliza vizuri kuliko wanaume walivyonisikiliza mimi. Bibi mmoja akauliza, "Na hiyo kongosho yenyewe iko wapi, mwanangu?" Hatukuweza kumwonesha.

Ikaja Idi ya kuchinja. Maalim ndiye anayetuchinjia ng'ombe wa kijiji, miaka yote. Wachunaji walipopasua tumbo nikawaomba wanitafutie kongosho. Nikaiosha, nikaiweka juu ya jani la mgomba, nikampelekea pembeni, safari hii bila watu.

"Hiki?" akasema. "Hiki tunawatupia paka."

"Ndicho kilichomuua kaka, Maalim. Daktari kanieleza kimejificha nyuma ya tumbo, jirani na njia ya nyongo. Kikivimba, nyongo hukosa pa kupita, ikarudi mwilini. Manjano yale ni nyongo."

Akakigeuza kwa kidole, upande huu, upande ule. "Kidogo hivi," akasema. Akanawa mikono.

Baada ya mwezi mama mmoja alikwenda hospitali kwa sababu ya macho yake ya manjano. Wakamkuta na mawe kwenye mfuko wa nyongo, akapasuliwa, akarudi mzima. Wakanitania kuwa nimewatisha bure. Nikawaambia nimefurahi mimi zaidi yenu. Si kila manjano ni saratani. Lakini kila manjano ni safari ya hospitali, siku hiyo hiyo.

Mikarafuu ya fungu langu la urithi nilimwachia shemegi. Asubuhi ya kuondoka, begi begani, nikapita kumuaga Maalim. Mbele yake alikaa mtu mzima mmoja aliyekuja na sahani yake nyeupe. Maalim alimshika kidevu, akamgeuzia uso juani.

"Fumbua macho. Mkojo wako rangi gani?"

Yule mtu akanitazama kwa haya.

"Mjibu tu," akasema Maalim. "Huyu anaondoka leo, hana wa kumhadithia."

"Umekoza, Maalim. Kama chai."

Maalim aliichukua sahani, akaifunika kifudifudi juu ya mkeka. "Kombe nitakuandikia. Nenda hospitali kwanza, ukirudi utaikuta sahani yako hapa."

Yule mtu akatafuta viatu vyake. Tukapanda gari moja, yeye akashuka Chake Chake kwenda hospitali, mimi nikaendelea mpaka Mkoani, kwenye meli. Sijarudi tena.