Kumjulia Hali Kompyuta

Kazini kwangu Springfield, Virginia, vijana wananiita mzee wa makumbusho. Sababu ni Perl. Hiyo ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimekula nayo chumvi nyingi, na kila mwaka hakosekani kijana wa kunitangazia kwamba imekufa. Huwa namjibu kwamba programu inayomruhusu kwenda likizo imeandikwa kwa Perl, kwa hiyo asiiombee msiba kabla ya Krismasi. Nina hasira za karibu, sikatai. Mke wangu anasema hasira zangu ziko karibu kuliko funguo za gari, ambazo sizioni kamwe.

Lakini Perl iliyonitoa jasho hasa haikuwa ya kazini. Ilikuwa ya chama chetu, Watanzania, Wakenya na Wakongo tuliochanganyika, chenye chumba cha kupanga Riverdale Park, Maryland, nyuma ya duka la matairi. Chumbani mna viti vya plastiki, masufuria ya harusi, na juu ya kreti za soda kompyuta moja kuukuu. Hiyo ndiyo seva yetu. Ukiwa Silver Spring ukafungua tovuti ya chama kwenye simu, kompyuta ile juu ya kreti ndiyo inayokuletea ukurasa.

Tovuti ina mambo mengi ambayo hakuna anayeyasoma, na jambo moja ambalo watu wanalipenda kufa: salamu. Sisi tuliolelewa na redio tunajua utamu wake. Unaandika jina lako, unawataja unaowasalimu, unamalizia na ujumbe. Programu inazipanga, na kila anayesalimiwa ana ukurasa wake, salamu zote zilizomtaja zinakusanyika hapo. Kila Jumamosi ndugu aliye nyumbani anaufungua na kumsomea mhusika kwa sauti. Aliyeiandika programu hiyo alikuwa mwanafunzi Mkenya, ambaye sasa amerudi kwao kufuga kuku. Katikati ya kazi yake aliacha maneno haya: "Usiguse hapa. Hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi."

Basi kulikuwa na dada mmoja, Mkenya wa upande wa magharibi, anayetunza wazee majumbani kwao huku Maryland. Baba yake mwenyewe, kule nyumbani, alikuwa mgonjwa na alitakiwa kupasuliwa Jumatatu. Dada hakuweza kusafiri. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka asingerudi. Naye mzee alikuwa mbishi. Enzi zake alikuwa mtuma salamu sugu wa redioni, na alikuwa amewaambia madaktari na ukoo mzima kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla ya kusikia salamu za Jumamosi. Bintiye alimpigia simu kila siku, lakini mzee hakuridhika. Simu ni siri ya watu wawili, alisema. Salamu hutangazwa, ulimwengu ukajua kwamba una watu.

Jumatano yule dada akanipigia.

"Fundi, hii website yenu imekuwa aje? Nimetype salamu za baba, ina-load tu, ina-load tu, mpaka simu imezima."

"Ngoja kidogo, dada. Huwa ni nzito."

"Nitangoja hadi lini? Baba anaenda theatre Monday! Asiposikia hizo salamu atakataa. Unamjua? Humjui. Huyo mzee akisema hapana, hata askofu hamtoi hapo."

Sauti yake ilikatika, nami nikaona aibu kwa lile neno langu la "ngoja kidogo".

Kesho yake nikatoka kazini, nikapambana na foleni ya barabara ya Beltway, iliyoganda kuliko mafuta ya ng'ombe, nikafika Riverdale Park jua bado liko juu. Kwanza nikasoma kumbukumbu za makosa, ambamo seva huandika kila inapokwama. Ilikuwa imeandika jambo lile lile tena na tena: programu imekufa kabla ya kusema chochote. Shemeji yangu akiulizwa alikuwa wapi hujibu hivyo hivyo, na hainisaidii.

Nikaanza kufuatilia hatua kwa hatua, na nilipoona tatizo nilicheka, kisha nikatukana kidogo. Kila mtu alipofungua ukurasa, seva iliamsha Perl upya, ikapakia programu nzima, ikasoma salamu zote tangu chama kizaliwe, ikaonyesha chache za mwisho, halafu ikaua kila kitu. Akija mwingine, inaanza upya. Ni kama mama ntilie anayejenga jiko kwa kila kikombe cha chai, na mteja akimaliza kunywa, analibomoa. Wateja walipokuwa wachache hakuna aliyegundua. Chama kimekua, na mama ntilie ameelemewa.

Dawa yake ilijulikana: jiko lisibomolewe. Perl iwashwe mara moja, ibaki macho, imhudumie huyu kisha yule, na salamu za kale ziachwe zilale. Hiyo ni kazi ya Jumamosi asubuhi, nikajiambia. Nikamwandikia mwenyekiti ujumbe mfupi: awaambie wanachama wasifungue tovuti mpaka Jumamosi mchana.

Mwenyekiti wetu ni Mkongo, mtu wa huruma, na ujumbe wangu aliuona mkavu. Akautia mchuzi, kisha akautuma kwenye kundi la WhatsApp la chama:

"Bandugu wapendwa, site yetu iko malade. Fundi iko natengeneza. Musifungue kwanza. Mumuombee fundi."

Sasa mwambie Mswahili kwamba kuna mgonjwa, halafu mwambie asiende kumwona. Ndani ya saa moja kila mwanachama alikuwa amefungua tovuti kuona hali yake. Wakaikuta imelala, wakaifungua tena kuona kama imeamka. Watu ambao hawakuwa wameitembelea tangu Pasaka walibisha hodi. Wakajaribu kuandika salamu za pole humo humo, zikakataa, wakajaribu tena. Seva iliyokuwa ikichechemea ikaanguka chali.

Nikampigia mwenyekiti kwa hasira. "Kwa nini umetangaza ugonjwa?"

"Fundi, mficha maradhi kifo humuumbua," akasema kwa upole. "Ni nyie mulitufundisha ile proverbe."

Jumamosi asubuhi nilifika nikidhani nitakuwa peke yangu. Walikuwa wameshafika. Mama mmoja wa Tanga alileta chapati na chupa ya chai, kwa sababu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Mwenyekiti alivaa suti. Walikuwa wamevipanga viti kuizunguka ile kompyuta, wanaongea kwa sauti za chini. Mama wa chapati aliweka kiganja juu yake.

"Ina homa," akasema.

"Mama, ni feni imejaa vumbi."

"Pole yake," akajibu, akaifuta kwa kanga.

Nilitaka kuwafukuza. Kisha akaingia yule dada, bado na sare ya kazi, akakaa kwenye kiti cha mwisho, simu mkononi. Huko kwao ilikuwa tayari alasiri, na mpwa wake alikuwa kando ya kitanda cha mzee akisubiri kusoma. Nikameza hasira pamoja na chapati moja, nikaanza.

Niliifanya ile kazi vizuri, nitajisifu mwenyewe maana vijana wa Springfield hawatanisifu. Nikaiwasha Perl na kuiacha macho. Nikaandika salamu moja ya majaribio kwa mke wangu, ikaingia kabla sijatoa kidole. Nikaifuta, nikaizima Perl na kuiwasha upya ianze safi. Nikamwambia dada, "Haya, ya kwanza ni yako."

Akaandika. Alimtaja mtu mmoja tu, baba yake. Akabonyeza, ikapokelewa papo hapo, naye akafunika mdomo. Mwenyekiti akatangaza kwenye kundi kwamba mgonjwa ameamka, na wale wote waliozuiwa tangu Alhamisi wakaingia kwa pamoja kunipa pole. Niliiangalia seva ikiwahudumia bila hata kukohoa. Nikajisikia mwanamume.

Dada akampigia mpwa wake, akaweka simu kwenye spika, tukasogeza viti. Tulisikia kikohozi cha mzee, kisha sauti ya kijana ikisoma salamu za bintiye. Zilikuwa fupi na nzuri, sitazirudia, ni zao. Nilidhani zimekwisha.

"Kuna zingine," mpwa akasema. "Ni nyingi. Huyu ni mama wa huko Silver Spring. Anakusalimu wewe, na mtu anaitwa fundi. Anasema: Pole sana. Tumesikia umezidiwa. Usikate tamaa, Mungu ni fundi kuliko mafundi wote."

Mzee akaguna kwa furaha. Mimi nikaacha kutafuna.

"Huyu ni mwingine. Anakusalimu wewe, na fundi, na fundi tena. Anasema: Tuko pamoja nawe, pole kwa kazi nzito, usisahau kula."

"Nitakula," mzee akasema. "Leo nitakula. Wananinyima kuanzia kesho jioni."

Hapo nikaelewa kilichotokea, masikio yakanichoma. Zamani jiko lilipobomolewa, hata sufuria ilitupwa, kwa hiyo hakuna aliyejali kuosha. Sasa jiko linabaki, na sufuria haioshwi. Orodha ya wanaosalimiwa haikuwa ikifutwa baada ya kila mtu. Aliyefuata aliongezewa majina ya waliomtangulia. Yule dada alikuwa wa kwanza. Jina la baba yake liling'ang'ania kwenye sufuria, na kila pole niliyotumiwa mimi ikaenda na jina lake mbele. Nilijaribu kwa salamu moja tu, na chungu kilichopikiwa mara moja hakina mabaki ya kumwonyesha mpishi.

Nikanyoosha mkono kuelekea kibodi. "Dada, samahani, kuna kosa. Hizo salamu si za..."

Dada hakunitazama kwa ukali. Alinitazama tu, machozi yakimtoka, akatikisa kichwa. "Fundi," akanong'ona, "nyamaza kabisa."

Nikaurudisha mkono. Mpwa akasoma, akasoma. Watu wa Virginia na Maryland wasiomjua mzee walimwambia kwamba hawalali usingizi kwa ajili yake, kwamba wanamwombea, kwamba chama hakina mwingine kama yeye. Mwenyekiti alisikia pole yake mwenyewe ikisomwa, akanyanyua nyusi, kisha akaitikia amina kwa sauti. Mama wa Tanga alishaelewa. Alikuwa akijiziba kicheko kwa ile kanga yenye vumbi, akapiga chafya.

Ikafika ya dereva mmoja wa teksi, mtu wa ushauri mwingi. Nilikumbuka maneno yake ya kwenye kundi, nikafumba macho.

"Anasema," mpwa akasita, "anasema: Ikishindikana, zima kabisa, kisha washa tena. Mara nyingi hukubali."

Nilimwona mzee akilini akivua miwani, akisema basi, siendi popote. Dada alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

Halafu tukasikia kicheko kizee, kikavu, kilichogeuka kikohozi na kurudi tena kuwa kicheko.

"Hata daktari ameniambia hivyo hivyo!" mzee akasema. "Watanizima, halafu waniwashe. Huyo mtu ni daktari?"

"Ni... ni mtaalamu, Baba," dada akasema.

"Basi wataalamu wawili wamekubaliana. Wewe, soma zilizobaki. Sikujua niko na watu wengi hivyo huko Amerika."

Kosa lile ningelirekebisha kwa mstari mmoja. Nilikaa mbele ya kompyuta mikono mapajani, mimi ambaye siwezi kuona kosa la mwenzangu nikalala, nikamsubiri mpwa asome mpaka ya mwisho. Ndipo nikaiosha sufuria. Salamu ya kwanza iliyoingia baada ya hapo ilikuwa na jina moja tu, na nakiri chumba kilinipwaya kidogo.

Jumatatu nilikuwa kazini, siwezi kusema nilifanya kazi. Niliupakia upya ukurasa wa salamu mara nyingi kiasi kwamba, kama jiko lingekuwa lile la zamani, ningeiangusha seva peke yangu. Kijana mmoja akapita, akaniuliza kama Perl imekufa. Nikamwambia aondoke.

Mchana ikaingia salamu mpya, imeandikwa na mpwa kwa niaba ya mzee. Iliwataja watu wote waliomsalimu, mmoja mmoja, hakumsahau hata mmoja, na wa mwisho alikuwa fundi, ambaye alidhani ni mgonjwa mwenziwe. Ujumbe wake ulikuwa mfupi:

"Nimewashwa. Na wewe pole, umepona?"